Barua ya Mtakatifu Ireneo kwa Papa Vikta: Kupatana Bila Kukubaliana

Katika vitabu vya kale vya Eklezya mna barua moja fupi ambayo Wakristu wengi hawajapata kuisikia. Iliandikwa karibu na mwaka 190 na Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, katika nchi iitwayo leo Ufaransa. Aliyeandikiwa ni Papa Vikta wa kwanza, askofu wa Roma. Barua nzima imepotea. Kilichobaki ni vipande alivyovinakili Eusebio, askofu wa Kaisarea ya Palestina, katika kitabu cha tano cha Historia yake ya Eklezya, sura ya 24. Mtu aweza kuvisoma vyote kwa muda mfupi kuliko ule wa kusali rozari. Lakini havijazeeka hata kidogo.

Twataka kuvipima hapa: vyasema nini, vyasadikisha kwa njia gani, na nguvu yao yafika wapi. Maana shauri lao ni hili: watu wawili wa imani moja wakishindwa kukubaliana, wamalizeje ugomvi wao? Katika lugha yetu kukubaliana ni jambo moja, na kupatana ni jambo jingine. Wanaokubaliana wana wazo moja. Wanaopatana wana amani moja. Barua ya Ireneo yatufundisha ya kuwa la pili laweza kuwapo hata pale ambapo la kwanza limeshindikana.

Kwanza yatupasa kuujua ugomvi wenyewe. Wakristu wa Asia, maana yake sehemu ya magharibi ya nchi iitwayo leo Uturuki, walishika Pasaka siku ya 14 ya mwezi, siku ile Wayahudi walipomchinja mwanakondoo. Iwe Jumatatu, iwe Alhamisi, siku yo yote, hapo walimaliza mfungo wao. Waroma na makanisa mengine mengi hawakumaliza mfungo ila siku ya Dominika, siku aliyofufuka Bwana. Basi ilitokea ya kuwa hawa wanakula na kufurahi, na hawa wangali wanafunga na kulia. Maaskofu walikutana katika nchi mbalimbali, Palestina, Ponto, Galia, Roma na kwingineko, nao wakaona ya kuwa Dominika ndiyo siku ya haki. Watu wa Asia walikataa.

Polikrates, askofu wa Efeso, alimwandikia Vikta kwa ajili ya wenzake. Eusebio ametutunzia barua hiyo pia, na yafaa kuisoma kabla ya ile ya Ireneo, maana bila yake hatuoni uzito wa jambo. Polikrates aliwategemea hasa wafu wake na makaburi yao. Alimtaja Filipo aliyelala Hierapoli, na Yohane aliyeegemea kifua cha Bwana, aliyelala Efeso, na Polikarpo wa Smirna, askofu na shahidi, na Melito wa Sarde, na wengine tena. Hawa wote, asema, walishika siku ya 14. Asema pia ya kuwa jamaa zake saba walikuwa maaskofu na yeye ni wa nane, ya kuwa ana miaka 65 katika Bwana, na ya kuwa vitisho havimwogopeshi.

Msomaji wa Afrika anaifahamu lugha hii upesi. Ni lugha ya mzee ambaye akiulizwa, Kwa nini mwafanya hivi? hujibu, Hivi walifanya baba zetu, na makaburi yao ni haya. Mzee wa namna hii hashindwi kwa maneno. Ukimsukuma, huyasukumi mawazo yake peke yake, wawasukuma na wafu wake.

Wala tusimdharau Papa Vikta. Orodha ya kale ya Mapapa yamtaja kuwa mtu wa Afrika, yaani Afrika ya Kaskazini iliyotawaliwa na Roma. Naye alikuwa na sababu yake, tena sababu kubwa: imani ni moja, Bwana aliyefufuka ni mmoja, basi sikukuu iliyo kubwa kuliko zote iweje vipande viwili? Kosa lake halikuwa kutaka umoja. Kosa lilikuwa katika dawa aliyoichagua. Alitaka kuyakata makanisa yote ya Asia yasishirikiane tena na mengine, na kwa barua akatangaza ya kuwa ndugu wa huko wote wametengwa. Eusebio asema ya kuwa si maaskofu wote waliopendezwa na jambo hilo, na wengine walimwonya Vikta kwa maneno makali. Hapo ndipo Ireneo aliposhika kalamu.

Sasa tuitazame barua yenyewe. Jambo la kwanza la kusifu ni mwanzo wake. Ireneo hakuanza kwa kusema ya kuwa siku si kitu. Alisema wazi ya kuwa yeye na ndugu wa Galia washika Dominika, na ya kuwa yafaa fumbo la ufufuko liadhimishwe siku hiyo tu. Halafu ndipo alipomshauri Vikta, kwa heshima, asiyakate makanisa mazima ya Mungu kwa sababu yanashika mapokeo ya kale.

Tukumbuke ya kuwa Ireneo mwenyewe alitoka Asia. Katika ujana wake alimsikia Polikarpo akifundisha, na kwa Asia siku ya 14 ilikuwa desturi ya nyumbani. Basi mtu huyu hakutetea desturi aliyoishika mwenyewe. Alitetea haki ya wale aliowaona hawakuchagua vema. Mara nyingi twawaona wasuluhishi wanaoanza kwa kuficha mawazo yao, wakidhani ya kuwa asiye na upande ndiye mpatanishi mwema. Ireneo atuonyesha njia nyingine. Mtu asiye na wazo lo lote hapotezi kitu akimvumilia mwenzake. Lakini aliye na wazo, akalisema, kisha akakataa kulifanya rungu, huyo ameleta amani yenye thamani.

Jambo la pili ni ustadi wa hoja yake. Vikta alikuwa anaitazama siku. Ireneo akamwonyesha mfungo. Si juu ya siku tu, asema, watu wahitilafiana pia juu ya namna ya kufunga: wengine hudhani yawapasa kufunga siku moja, wengine mbili, wengine zaidi, na wengine huhesabu masaa 40 ya mchana na ya usiku. Na tofauti hizi hazikuanza kwetu sisi, zilianza zamani kwa waliotutangulia. Walakini wote waliishi kwa amani, na sisi pia twaishi kwa amani. Kisha alitoa neno ambalo twaliona kuwa moyo wa barua yote: kwamba tofauti ya mfungo yathibitisha umoja wa imani.

Mtu akisoma upesi, atadhani ya kuwa Ireneo anacheza na maneno. Tofauti yawezaje kuthibitisha umoja? Lakini tufikiri. Uimara wa kamba haujulikani mpaka ivutwe. Watu wanaofanana katika kila jambo, wanaofunga siku moja na kula siku moja, hatujui kama wameunganishwa na imani au na mazoea tu. Bali wale wasiofunga sawasawa, wakaitana ndugu, wakapelekeana Ekaristi, hao wameonyesha wazi ya kuwa kifungo chao si hesabu ya siku. Kifungo chao ni Kristu. Kwa hiyo Ireneo hakumwomba Vikta aivumilie tofauti kama mtu avumiliavyo jino linalouma. Alimwonyesha ya kuwa ndani ya tofauti ile umejificha ushuhuda.

Jambo la tatu ni hadithi, na hapa barua yapanda juu kabisa. Ireneo awataja maaskofu wa Roma waliomtangulia Soteri, yaani Aniseti, Pio, Higino, Telesfori na Sisto. Hawakushika desturi ya Asia, lakini hawakuwafukuza walioishika. Halafu ataja jambo moja hasa. Karibu na mwaka 155 Polikarpo, mzee sana, alisafiri kutoka Smirna mpaka Roma, akaonana na Papa Aniseti. Walikuwa na mambo mengine madogo wasiyopatana juu yake, wakayamaliza mara moja. Juu ya Pasaka hawakutaka kugombana. Aniseti hakuweza kumshawishi Polikarpo aiache desturi aliyoishika pamoja na Yohane, mwanafunzi wa Bwana, na mitume wengine aliokaa nao. Wala Polikarpo hakuweza kumshawishi Aniseti, maana huyu alisema yampasa kushika desturi ya wazee waliomtangulia.

Angalieni, wasomaji: Ireneo aeleza kushindwa, wala haoni haya. Mwandishi mwingine angalitafuta mshindi, au angalibuni ya kuwa mwishowe mmoja wao alilia na kukubali. Hapa hakuna aliyekubali. Mazungumzo yalifika mwisho, na mawazo yakabaki mawili. Kisha yafuata maneno machache tu: mambo yakiwa hivi, walishirikiana, na katika kanisa Aniseti alimpisha Polikarpo katika Ekaristi, kwa heshima, wakaachana kwa amani.

Neno la Kigiriki lililotumika hapo maana yake ni kumwachia mwingine nafasi. Wafasiri wengi hulielewa hivi: Aniseti, askofu wa mji, alimwachia mgeni wake aadhimishe Ekaristi mahali pake. Tulipime tendo hilo. Aniseti hakumpa Polikarpo neno moja la kukubali katika mabishano, bali alimpa altare. Kwa tendo hilo alisema: Katika jambo hili siwezi kukufuata, lakini mkate utakaoubariki wewe nitaula. Hakuna hoja iliyo kubwa kuliko hiyo. Na Ireneo alifanya vema sana kuiweka mbele ya Vikta bila kuifafanua, maana Vikta alikuwa amekaa katika kiti kile kile cha Aniseti. Alimkumbusha Papa matendo ya Mapapa. Kama Polikrates alivyowaleta wafu wa Asia, ndivyo Ireneo alivyowaleta wafu wa Roma. Lakini yeye aliwaleta ili wapatanishe.

Baada ya sifa hizo, yatupasa kusema pia mahali ambapo barua haitoshi. Mtu mmoja kukaa Smirna na mwingine Roma, kila mmoja akishika siku yake, si vigumu sana, maana bahari imo katikati. Lakini watu wa desturi mbili wakikaa katika mji mmoja, hata katika nyumba moja, mambo ni mengine. Mume amefunga na mke amepika. Hawa waimba aleluya na jirani walia. Aniseti na Polikarpo walikuwa wawili, wakuu, wenye hekima, na mgeni alirudi kwake. Vipande tulivyo navyo havisemi neno juu ya wale wasiorudi po pote, wanaoamka kila siku penye tofauti ile ile. Msomaji wa parokia, ambaye mpinzani wake huketi kwenye benchi lile lile kila Dominika, aweza kusema: Mtakatifu wetu, umetuonyesha namna ya kuachana kwa amani, utuonyeshe na namna ya kukaa. Swali hilo ni la haki.

Na historia yaonyesha ya kuwa Eklezya haikuridhika kubaki hapo milele. Mwaka 325 Mtaguso wa Nisea uliamua wote washike Pasaka siku moja ya Dominika. Je, basi Vikta alikuwa na haki na Ireneo alikosa? Hatudhani hivyo. Vikta aliuona mwisho wa safari, lakini Ireneo aliilinda njia. Kama makanisa ya Asia yangalikatwa na kuachwa nje, nani angalikuja kuketi pamoja na wengine ili kuamua? Kupatana bila kukubaliana hakuufungi mlango wa kukubaliana. Kunauacha wazi, na watu wakiwa hai ndani ya nyumba.

Hata leo jambo halijaisha, maana Wakristu wa Mashariki na wa Magharibi huhesabu Pasaka kwa kalenda mbili. Mwaka 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitangaza ya kuwa haupingi kuiweka Pasaka katika Dominika moja maalum, kama wote wanaohusika, hasa ndugu waliotengana nasi, wakikubali. Mwaka 2025, mwaka wa 1700 tangu Nisea, hesabu zote mbili ziliangukia siku moja, tarehe 20 Aprili.

Wengine watasema: Mafundisho haya ni ya watu waoga, aliye na ukweli asinyamaze. Twajibu: muulizeni Ireneo mwenyewe. Huyu ndiye aliyeandika vitabu vitano vya kuwapinga wazushi, waliofundisha ya kuwa Mungu aliyeumba dunia si Baba wa Yezu Kristu. Na hao hakuwaambia, Ninyi mna lenu na sisi tuna letu, tuachane kwa amani. Alibishana nao ukurasa kwa ukurasa. Basi kalamu ile ile iliyokuwa panga mbele ya uzushi ilikuwa mafuta mbele ya desturi. Hekima yake yote imo katika kuyatenga haya mawili. Mvumilivu wa kila kitu hana imani, na mgomvi wa kila kitu hana akili.

Tena yatupasa kujua ya kuwa amani ina namna zake. Mwaka 1588 Luis de Molina, Mjezuiti wa Hispania, alitoa kitabu juu ya neema ya Mungu na hiari ya mtu. Wadominiko, na Domingo Báñez mbele yao, walikipinga kwa nguvu. Ugomvi ulifika Roma, ukachunguzwa karibu miaka kumi, na mwaka 1607 Papa Paulo wa tano akaufunga. Hakuhukumu upande wo wote. Kila mmoja ashike fundisho lake, wala asimhukumu mwenzake. Hiyo ilikuwa amani ya amri, na ilikuwa njema, maana ilizuia matusi. Lakini tukiilinganisha na ile ya Aniseti twaona upungufu. Amri yaweza kuwafunga watu midomo, wala haiwezi kuwapa mkate mmoja. Amani ya Ireneo ni amani ya meza.

Nasi wa Kongo tunaishi katika matunda ya amani hiyo, ingawa hatufikiri. Tarehe 30 Aprili 1988 Roma iliikubali Misale ya majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa siku zile. Katika Misa hiyo twawaita watakatifu na wazee wetu wa haki mwanzoni, na toba pamoja na kupeana amani vyaja baada ya mahubiri na Nasadiki, si mahali pale pa desturi ya Roma. Je, tumeacha kuwa wamoja na Baba Mtakatifu? Sivyo. Tofauti ya utaratibu yathibitisha umoja wa imani, kama Ireneo alivyosema juu ya mfungo. Basi ni aibu kwetu tukipokea uhuru huo kutoka Roma, halafu tukaunyima jirani.

Maana katika parokia zetu ugomvi mwingi si wa imani. Kwaya mbili hazisalimiani kwa sababu ya ngoma na kinanda. Ndugu wa ukoo mmoja wavunja undugu juu ya siku ya kumaliza matanga. Wakubwa wa kapela wanyimana mkono kwa sababu mmoja alitaka ujenzi uanzie altareni na mwingine mlangoni. Kila mmoja ana sababu, na kila mmoja ana mzee wake aliyelala kaburini aliyefanya vile. Vyombo vikaapo pamoja havina budi kugongana. Lakini chombo kilichogongwa si lazima kitupwe.

Kwa hiyo, ugomvi ukitokea, barua hii yatupa maswali matatu. Kwanza, je, imani imeguswa, au haki ya maskini imeguswa? Kama ndiyo, tusinyamaze, maana hapo amani ya uongo ni dhambi. Mjane aliyenyang'anywa shamba hahitaji kuambiwa ya kuwa mawazo ni mbalimbali. Pili, kama havikuguswa, je, mimi nimesema wazo langu wazi, na kulisikia la mwenzangu mpaka mwisho, hata nikaweza kulieleza kama yeye mwenyewe? Asiyefanya hivyo hajafika mahali pa Aniseti, amechoka tu. Tatu, nitampa nini mwenzangu baada ya mabishano? Hapa wengi hushindwa. Husema, Basi, yaishe, na moyoni hufunga mlango. Aniseti alitoa kitu: alimpisha mahali pake. Kiongozi wa kwaya amwachie mwenzake wimbo wa Komunyo. Ndugu aende kwenye matanga siku ile asiyoipenda, achukue na unga wake. Bila zawadi hiyo, kupatana ni neno tu.

Tarehe 21 Januari 2022 Papa Fransisko alimtangaza Mtakatifu Ireneo kuwa Mwalimu wa Eklezya, akampa jina la Mwalimu wa Umoja. Jina lake lenyewe kwa Kigiriki lina maana ya amani, naye Eusebio zamani aliona ya kuwa lilimfaa. Sikukuu yake ni tarehe 28 Juni. Siku hiyo, mpenzi msomaji, kama yuko mtu katika parokia yako ambaye mmebishana naye mkashindwa kukubaliana, usimpelekee tena hoja zako, amekwisha kuzisikia. Mtafute kabla ya Misa, umpishe aketi, kisha mwende pamoja kwenye meza ya Bwana.